Ukikuta Kitu cha Bankambo Ardhini: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Kijana mmoja alikuja mlangoni kwangu hapa Kakanda jua likizama, amefunga kitu ndani ya kitambaa. Alipokifungua kiling'aa kama sufuria ya juzi. Ulikuwa msalaba wa shaba, mikono minne karibu sawasawa, mzito, wa kujaza kiganja. Alikuwa ameusugua kwa limau na mchanga tangu asubuhi ili aniletee kitu kisafi. Nikamuuliza: umeukuta wapi? Akanyoosha mkono kuelekea vilima vyote vya upande wa Kambove. Ulikuwa umelalaje? Akacheka. Ulikuwa peke yake? Hapana, palikuwa na vigae na kitu kama mfupa, lakini hivyo alivitupa.

Basi msalaba ule ulikuwa umeshakufa kabla haujafika kwangu. Kilichobaki ni shaba tu. Tangu jioni ile niliapa kuandika masharti haya, na sitayaandika kwa upole. Wachimbaji, wenye pikipiki, walimu, wanunuzi wa depo, akina mama wanaolima kando ya vichuguu: yanawahusu ninyi nyote.

Usikiondoe mahali pake.

Ukilivunja sharti hili, mengine yote hayana kazi. Kitu cha bankambo, mababu zetu wa kale, hakina mdomo. Kinasemewa na majirani zake: kilicho juu yake, kilicho chini, kilicho ubavuni.

Tazama Sanga, kaskazini mwetu, kando ya ziwa Kisale katika bonde la Upemba. Mwaka 1957 na 1958 Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walifukua makaburi pale. Katika miaka ya 1970 Pierre de Maret akarudi Sanga, akaongeza Kamilamba, Katongo, Kikulu na Malemba-Nkulu. Kazi yao ilikuwa ya kuchosha: kufagia udongo kwa brashi, kuchora kila kaburi lilivyo, kupima, na ndipo kugusa. Lakini angalia walichovuna. Kwenye makaburi ya kuanzia karne ya 13 hivi, misalaba ya shaba ni michache na mikubwa, nayo imewekwa kifuani. Hiyo ni heshima, pambo la mkubwa. Ukishuka karne zinazofuata, misalaba inapungua ukubwa, inaanza kufanana, inakuwa mingi, na inahama mwilini: sasa iko karibu na mikono na kiuno, mingine imekaa kwa mafungu. Mama yeyote aliyewahi kufunga makuta kwenye pindo la kitenge anaelewa hapo hapo. Shaba imekuwa pesa. Hakuna barua iliyosema hivyo, wala msafiri, wala mzee. Mahali ndipo paliposema.

Na si misalaba peke yake. Katika makaburi ya zamani zaidi ya bonde lile, watoto walizikwa na vyungu vilivyofinyangwa kwa kadiri ya umri wao, mtoto mdogo na kijichungu chake. Kulikuwa na majiko ya udongo ya kubebeka, ya kumfaa mvuvi katika mtumbwi. Kulikuwa na kauri za Bahari ya Hindi, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka pwani. Kamilamba alizikwa mtu mmoja, yapata miaka elfu moja na zaidi iliyopita, na shoka la heshima ambalo mpini wake umepigwa misumari ya chuma, na fuawe ya mhunzi imewekwa kando ya fuvu lake. Karne nyingi baadaye, kugonga fuawe kulikuwa bado sehemu ya kumtawaza mfalme wa Waluba. Sasa fikiri kama kijana wangu ndiye angefika wa kwanza Kamilamba. Fuawe ingeenda kwa mtengeneza baiskeli, shoka lingeenda sokoni, na fuvu lingerudishiwa udongo kwa teke.

Usikioshe. Wala limau, wala mchanga, wala siki, wala ile dawa ya masinki. Rangi ya kijani juu ya shaba ya kale ni ngozi yake. Tena ngozi hiyo ina hazina: chumvi za shaba huua vijidudu vinavyoozesha, kwa hiyo kinachogusana na shaba ardhini hukawia kuoza. Pale Ingombe Ilede, ng'ambo Zambia, kwenye bonde la Zambezi, waliokufa karne tano au sita zilizopita walizikwa na misalaba ya shaba, dhahabu na bangili. Vipande vya nguo zao vilibakia kwa sababu viligandamana na shaba. Yaani tunajua walivaa nini kwa kuwa hakuna aliyesugua. Kijana wangu na limau lake, sijui alifuta nini, na hatajua.

Piga picha kabla ya kunyanyua hata kijiti. Weka biki au noti ya faranga kando ya kitu ili ukubwa uonekane. Piga ya karibu, kisha rudi nyuma hatua kumi upige inayoonyesha kilima, mti, nguzo ya umeme. Kama simu yako inaonyesha mahali ulipo kwa namba, andika namba hizo kwenye daftari, maana simu huibiwa na huanguka majini. Kama haionyeshi, hesabu hatua kutoka kwenye vitu viwili visivyohama. Kichuguu kikubwa kinafaa. Gari la kampuni lililoegeshwa halifai. Andika tarehe. Andika kina: hadi goti, hadi kiuno, hadi kifua. Chora, hata kama unachora vibaya. Mchoro mbaya wa siku ile unashinda mchoro mzuri wa mwaka ujao.

Kisha funika kwa udongo uleule.

Usibandike mahali penyewe kwenye Facebook wala kwenye kikundi cha WhatsApp. Picha ya leo saa nne, kesho alfajiri kuna sepeto ishirini.

Toa habari. Anza na chefu wa kijiji, kwa kuwa ardhi ina wenyewe na wenyewe wana adabu zao. Halafu msimamizi wa teritwari, yule tunayemwita AT. Si hisani unayomfanyia. Amri-sheria namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971, inayolinda mali za utamaduni, inamtaka aliyekuta kitu cha kale atoe habari mara moja, awe amekifukua kwa makusudi au amekikwaa tu akitafuta panya. Lubumbashi kuna Makumbusho ya Taifa, na kuna Chuo Kikuu. Kote kuwili kuna watu wa kujibu maswali haya. Dai karatasi iliyoandikwa kwamba umetoa habari. Nasisitiza karatasi. Maneno ya ofisini hayana mguu.

Na ninyi wa kampuni, msijifanye sheria hiyo ni ya wenye majembe tu. Kanuni ya Madini ya mwaka 2002 inasema wazi: kazi za mgodi zikifichua mabaki ya kale, mabaki hayo ni mali ya serikali, mwenye kibali haruhusiwi kuyahamisha, na ni lazima awaandikie bila kuchelewa wenye mamlaka ya utamaduni, sanaa na makumbusho. Buldoza moja kwa asubuhi moja linaharibu kuliko wachimbaji mia kwa msimu mzima. Dereva wa buldoza naye ana macho, mfundisheni kusimama.

Usiuze, usinunue. Najua njaa. Najua bukari haipikwi kwa historia, na mtu asinihubirie hilo. Lakini tufanye hesabu. Mwenye depo atakulipa shaba kwa kilo, kwa bei ya siku. Mpita njia wa hotelini atakupa zaidi kidogo, kisha atauza Ulaya mara nyingi zaidi ya hapo, na wewe ukikamatwa barabarani na mali ya serikali, yeye yuko angani. Nchi yetu iliridhia mkataba wa UNESCO wa 1970 dhidi ya biashara hii mwaka 1974, kwa hiyo hata huko anakokwenda, kama nako waliuridhia, si halali.

Na wewe mnunuzi unayejiona mjanja: misalaba mingi unayouziwa iliyeyushwa mwaka huu. Mafundi wetu wa Likasi na Lubumbashi wanaofua shaba na kuchonga malakiti wana mikono, wanaweza kukutolea msalaba kwa siku moja na kuupaka ukijani. Sina ugomvi na fundi anayesema "huu nimeutengeneza mimi." Ni kazi nzuri, nunua ule. Msalaba ni alama yetu. Mwaka 1961 hata Katanga iliyojitenga chini ya Tshombe iliuweka kwenye sarafu zake za faranga 1 na 5, upande wa pili ndizi. Ugomvi wangu ni na anayeuzika kwa mkojo ili uzeeke.

Ukikuta mfupa wa mtu, simama. Huyo si "kitu." Weka sepeto chini, muite chefu, acha wazee wafanye linalotakiwa kabla ya mtaalamu yeyote. Fuvu la Lusinga, mkubwa wa Watabwa aliyeuawa na watu wa afisa Mbelgiji Émile Storms mwaka 1884, lilibebwa hadi Ubelgiji na kuwekwa kama sampuli. Tunalalamika kwa haki. Tusilifanye lilelile hapa nyumbani kwa sepeto zetu.

Usiseme ni kazi ya Wareno. Wala Wamisri. Wala majitu.

Hili linanikera kuliko limau. Mtu anaona shimo la kale kilimani, refu, limechimbwa kwa akili kufuata mshipa wa jiwe la kijani, na neno la kwanza kinywani mwake ni "wazungu wa zamani." Sikiliza. Naviundu, kando tu ya Lubumbashi, shaba iliyeyushwa tangu karne ya 4. Diogo Cão, Mreno wa kwanza kuuona mdomo wa mto Kongo, alifika mwaka 1482. Kati ya hayo mawili kuna zaidi ya miaka elfu moja. Kansanshi ng'ambo ya mpaka na Kipushi upande wetu, mafundi walikuwa wakiyeyusha na kumimina shaba karne nyingi kabla ya meli ile. Mjiolojia Jules Cornet alipopita huku mwaka 1892, hakugundua shaba. Alionyeshwa mashimo na watu walioyachimba. Kampuni ya madini ya Union Minière ilipoundwa mwaka 1906, ramani yake ya kwanza ilikuwa mashimo ya bankambo. Walichofanya ni kuyapanua.

Wenzetu wa kusini walitukanwa hivyohivyo. Karl Mauch aliona kuta za Zimbabwe Kuu mwaka 1871 akamtaja malkia wa Sheba. Ilibidi afike Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929, afukue kwa utaratibu, ndipo ithibitike kuwa kuta zilijengwa na Waafrika wenyewe. Miaka karibu sitini ya upuuzi. Mtu wa Kakanda asiongeze hata siku moja.

Tazama maua. Sharti hili ni tamu, nitakaa hapa kidogo.

Vilima vya shaba vina upara. Miti inakoma kwenye mteremko kama nywele zinavyokoma kwenye paji, kwa sababu shaba nyingi udongoni ni sumu kwa mizizi. Lakini kuna mimea midogo inayoivumilia sumu hiyo. Mmoja wanasayansi wanauita Haumaniastrum katangense, wa ukoo mmoja na kivumbasi, maua yake madogo yana rangi ya zambarau. Watafuta madini walijua zamani kwamba ua hilo linaonyesha shaba. Ila François Malaisse, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi miaka mingi Lubumbashi, na wenzake wakaona kitu kingine: ua hilo linaota pia mahali ambapo chini hakuna mwamba wa shaba hata kidogo. Walipochunguza, wakakuta matanuri ya kale. Waliyeyusha hapo bankambo, wakaondoka, vumbi la shaba na mavi ya shaba yakabakia udongoni, na karne kadhaa baadaye ua bado linawakumbuka.

Kwa hiyo ukiona zulia la maua hayo bondeni, karibu na maji, mbali na kilima chenye jiwe, usipite tu. Inama. Tafuta makaa, vipande vyeusi vyenye vitundu kama sponji, udongo wa kichuguu uliogeuka mwekundu kwa moto, na vidomo vya udongo ambamo mivukuto iliingizwa. Kisha rudi juu kwenye sharti la kwanza.

Waulize wazee, na uwaulize mwaka huu. Mwaka 1926 Monsinyori de Hemptinne alichapisha habari za "walaji wa shaba" wa Katanga, kwa kuwa aliwakuta bado hai watu walioyeyusha kwa mikono yao enzi za ufalme wa Wayeke. Angechelewa miaka ishirini angeandika kuhusu makaburi. Hao walaji hawakuwa wakitafuna chuma. Kula shaba ni kuishi kwayo, kuwa wa chama chenye siri na miiko ya kazi hiyo. Walifanya kazi kiangazi, mtama ukishavunwa. Watu walikwenda mgodini, jiwe la kijani likachaguliwa, makaa yakachomwa, tanuri likasimamishwa kwa udongo wa kichuguu, mivukuto ya ngozi ikapigwa hadi shaba ishuke. Sisi wa leo tunaoamka saa kumi kwenda kwenye shimo, hatujui hata wimbo mmoja wa kazi ile.

Ukienda kwa mzee, nenda na kitu mkononi, sukari au sabuni. Omba ruhusa ya kurekodi. Andika maneno kama alivyoyasema, kwa Kisanga, Kiyeke au Kiluba, ndipo utafsiri, shaba akiiita mukuba, andika mukuba, usiandike "madini." Usimtilie maneno kinywani. Usimuulize "ni kweli kwamba...?" Mzee mwenye adabu atakuitikia tu ili usiaibike. Muulize "ilikuwaje?" kisha nyamaza. Na waulize nkambo wa kike pia. Tumejaza madaftari kwa habari za wanaume na mivukuto, kama kwamba nyungu zilijifinyanga.

Usigeuze hadithi kuwa cheti, wala usiitupe kwa kuwa si cheti. Kila mtu huku amesikia habari za kichwa cha Msiri. Yaliyo thabiti ni haya: Mwenda Msiri, mfanyabiashara wa Kinyamwezi aliyejenga ufalme wake wa Wayeke huko Bunkeya, alipigwa risasi tarehe 20 Desemba 1891 na Kapteni Omer Bodson wa msafara wa William Stairs, uliotumwa kwa niaba ya mfalme Leopold. Bodson naye alipigwa palepale akafa. Kichwa cha Msiri kilikatwa. Stairs alikufa kwa malaria Juni 1892 huko Chinde, kabla ya kupanda meli ya kurudi. Basi watu wakaunganisha: kichwa kilibebwa, kichwa kiliua waliokibeba. Je, uandike? Andika, kwa makini, na jina la kijiji ulikosikia, maana inasema jinsi watu walivyoielewa haki baada ya kushindwa. Lakini usiwafundishe watoto darasani kwamba laana ilithibitishwa.

Usihesabu unachotamani kukiona. Mfupa wa Ishango, uliookotwa na Jean de Heinzelin mwaka 1950 kule Semliki inapotoka ziwa Edward, una umri wa miaka 20,000 hivi na mikato katika safu tatu. Jumlisha: 60, 48, 60. Katika safu moja kuna 11, 13, 17, 19, namba tasa tupu. Mwingine akaona kalenda ya mwezi, mwingine hesabu za shule. Fahari yako isikufanye uape. Sema mtu wa Kongo alichora mikato kwa mpangilio, miaka elfu ishirini iliyopita, na mfupa wenyewe uko Brussels. Hilo peke yake linatosha kumfanya mtoto aache kusinzia.

Usishuke shimo la kale kwa ajili ya udadisi. Halina nguzo, na hujui aliyelichimba aliliachia wapi.

Usiweke nyumbani jiwe la Shinkolobwe, hata kama ni zuri, hata kama babu alilikalia. Urani haina msamaha wa ukumbusho. Wachimbaji wadogo walipigwa marufuku pale mwaka 2004, na Julai mwaka huohuo mgodi ukawaporomokea waliobaki.

Walimu, msiwatume watoto "walete kitu cha kale" darasani. Mtoto mmoja akileta kigae, Ijumaa mtakuwa na gunia. Watoeni wao waende kwa kitu, wakione kikiwa mahali pake, wakichore, warudi mikono mitupu.

Mvua za kwanza huku kwetu zinashuka kuanzia Oktoba na Novemba. Zinapopiga miteremko iliyo wazi, udongo wa juu unaondoka kwa siku chache, na vigae vinachomoza kwenye vijia vya kwenda mashambani, vikiwa na michoro yao, kabla nyasi hazijavifunika. Wiki hiyo tembea na daftari na biki. Sepeto iache nyumbani.